Chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa: ipi, lini, na kwa nini tunakatazwa kuchanja mlipuko ukishaanza?

mifugo_tana aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa.

Utabiri wa vuli unasema mvua itazidi wastani. Huku kwetu chini ya mto ni tambarare tupu, udongo mweusi, maji yakituama hukaa mwezi mzima. Vijiji vinne vina kondoo na mbuzi kama 3,000, ng'ombe si wengi, na ngamia hupita tu. Chanjo tunayoweza kuipata kwa haraka ni ile hai (yenye virusi hai vilivyodhoofishwa) ya Smithburn, chupa za dozi 100.

Ninaomba ufafanuzi katika haya:

Kwanza, kwa nini maelekezo yanasema tusimamishe uchanjaji mara ugonjwa unapothibitishwa? Mfugaji haelewi. Anaona wanyama wanakufa, chanjo iko kwenye friji, na afisa anamwambia haiwezekani.

Pili, hii chanjo hai inatupisha mimba kweli au ni maneno? Kama ni kweli, mbona miaka yote hii haijapatikana nyingine?

Tatu, hesabu yangu ni chupa 30 kwa wanyama 3,000. Niko sawa?

Na ya binadamu imefikia wapi? Wachinjaji wananiuliza kila siku.

---

DktNyika:

Afisa, nianze na la kwanza, maana ndilo linaloua watu na mifugo.

Mnyama aliyeambukizwa, homa ikiwa juu, damu yake ina mamilioni ya virusi katika mililita moja. Na siku hiyo anaweza kuwa bado anakula na anatembea, humtambui. Ukimdunga kwa sindano halafu ukaendelea na sindano hiyo hiyo kwa kondoo ishirini wanaofuata, umefanya kazi ya mbu, tena kwa ufanisi kuliko mbu. Hiyo ndiyo sababu kubwa.

Ya pili ni muda. Kinga ya chanjo hai inahitaji wiki mbili hadi tatu ili isimame. Mwanakondoo wa chini ya wiki moja akiambukizwa huanza homa ndani ya saa 12 hadi 36, na wengi hawamalizi siku ya pili. Hakuna chanjo inayoshindana na mwendo huo.

Ya tatu: kuchanja ni kukusanya. Unaleta makundi manne kwenye boma moja, unaita vijana wa kuwashika, damu inaruka, mate yanaruka. Wakati wa mlipuko watu hao ndio watakaolazwa wiki ijayo.

Ya nne wengi hawaijui. Jenomu ya virusi hivi imegawanyika vipande vitatu: kikubwa L, cha kati M, kidogo S. Aina mbili za virusi zikikutana ndani ya seli moja zinaweza kubadilishana vipande. Ukitia chanjo hai kwa mnyama ambaye tayari ana virusi vya porini, unaruhusu mchanganyiko huo. Ndiyo maana watengenezaji wa chanjo mpya wanataka udhaifu uwe katika vipande vyote vitatu, si kimoja.

Ila maelekezo yasomwe vizuri. Marufuku ni kwa eneo ambalo ugonjwa umeshaingia. Wilaya ya jirani, yenye mazingira ya hatari lakini haina dalili wala vifo vya wachanga, bado inaweza kuchanjwa, sindano moja mnyama mmoja. Ndani ya eneo lenye ugonjwa kazi inabadilika: karantini, kufunga minada, kusimamisha uchinjaji, kuhamisha mifugo kwenye miinuko, dawa ya kuua mbu ya deltamethrini inayomwagwa mgongoni mwa mnyama, na dawa ya viluwiluwi kwenye madimbwi yanayofikika.

Sasa kalenda. Mayai ya mbu wa Aedes hukaa kwenye udongo mkavu wa madimbwi miaka na miaka, na baadhi yanazaliwa yakiwa tayari na virusi kutoka kwa mama. Mvua ya kawaida haiyafikii. Dimbwi likijaa siku nyingi mfululizo ndipo yanapoanguliwa, na ndani ya wiki moja au mbili mbu wazima wako juu ya mifugo. Maji yakiendelea kukaa na nyasi zikaota, mbu wa Culex wanafuata, na hao ndio wanaolisambaza jambo mpaka vijijini. Kwa hiyo uchanjaji wako umalizike angalau wiki nne kabla ya mafuriko. Kwa vuli ya Oktoba, mnyama wa mwisho adungwe kabla ya Agosti kwisha.

---

maabara_baridi:

Nijibu la pili, kwa kirefu kidogo, maana swali la "mbona haijapatikana nyingine" ni zuri na jibu lake si kwamba hakuna aliyejaribu.

Ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza kutoka shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha. Ilikuwa 1930, na Daubney, Hudson na Garnham walichapisha maelezo yake 1931 kutoka maabara ya Kabete. Virusi vilivyozaa chanjo unayoizungumzia vilitoka kwa mbu wa msitu wa Semliki, magharibi mwa Uganda, 1944. Smithburn, akiwa Entebbe, alivipitisha kwenye ubongo wa panya mara nyingi hadi vikapoteza makali kwa kondoo, na 1949 alikuwa na chanjo. Fikiria hilo: chanjo ina zaidi ya miaka 75, inatoa kinga ya muda mrefu kwa dozi moja, na ni rahisi kutengeneza. Afrika Kusini na Kenya zimeitegemea kwa miongo.

Kasoro yake imo katika namna ilivyotengenezwa. Virusi vilizoeshwa ubongo wa panya, na makali yaliyobaki yanaelekea kwenye tishu changa. Jike mwenye mimba akidungwa, baadhi hutupa, na akiwa katika mimba changa kijusi kinaweza kuumbika vibaya, hasa ubongo. Kwa hiyo si maneno ya mitaani. Ni kweli, na ndiyo sababu karatasi ya chanjo inakataza wenye mimba.

Jibu la kwanza kwa kasoro hiyo lilikuwa chanjo mfu: virusi vinauawa kwa formalini na kuchanganywa na kiongeza kinga. Salama kwa wenye mimba, na kingamwili hupita kwa mtoto kupitia maziwa ya mwanzo. Lakini dozi moja haitoshi. Inatakiwa kurudiwa baada ya miezi 3 hadi 6, kisha kila mwaka. Kwa mfugaji anayehama hiyo miezi mitatu ni kilomita mia mbili.

Jibu la pili lilikuwa Clone 13. Asili yake ni mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, 1974, aliyeugua bila kufa. Katika virusi vyake lilitengwa koloni moja lililopoteza karibu asilimia 70 ya jeni la NSs, ambalo liko kwenye kipande cha S. NSs ndiyo silaha kuu ya virusi hivi: inazima interferoni, ule mlio wa kwanza wa seli kuwaarifu majirani kwamba kuna adui. Kirusi kisichokuwa na NSs kinaingia, seli inapiga yowe, kinga inaamka mapema. Afrika Kusini iliisajili 2010. Kwa miaka kadhaa ilionekana ndiyo suluhisho la wenye mimba, mpaka kondoo walipopewa dozi kubwa kupita kiasi wakiwa katika theluthi ya kwanza ya mimba, na virusi vikapatikana kwenye vijusi, pamoja na ulemavu na watoto waliozaliwa wafu. Ni salama kuliko Smithburn, hilo halina ubishi. Ila asikuambie mtu kwamba unaweza kuidunga bila kuuliza hali ya mimba.

Ya tatu ni MP-12, iliyotokana na virusi vya mgonjwa wa Misri wa 1977. Ilipitishwa mara 12 mbele ya kemikali ya 5-fluorourasili, ikapata mabadiliko katika vipande vyote vitatu. Hapo ndipo ile hoja ya Daktari Nyika inapoingia. Kipande chake cha S peke yake hakijadhoofika sana, mzigo unabebwa na L na M. Ikibadilishana vipande na virusi vya porini, kikichukuliwa L au M bado kuna kipande dhaifu.

Waholanzi wa Wageningen wamekwenda njia nyingine kabisa: wamekipasua kipande cha M kuwa viwili, wakaondoa na NSs, virusi vikawa na vipande vinne. Wanaiita RVFV-4s. Toleo la binadamu limeshaanza kujaribiwa kwa watu wenye afya nchini Ubelgiji.

Na ya mwisho ambayo mimi naiona ndiyo inayotufaa zaidi huku ni ChAdOx1 RVF. Hapa hakuna virusi vya Bonde la Ufa hata kidogo. Kuna adenovirusi ya sokwe iliyoondolewa uwezo wa kuzaliana, imebebeshwa jeni za protini mbili za ganda, Gn na Gc. Kazi hii imeongozwa na George Warimwe akishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome, Kilifi. Dozi moja ilikinga kondoo, mbuzi na ng'ombe walipoambukizwa kwa makusudi, na baadaye kondoo na mbuzi wenye mimba pia walikingwa bila madhara kwa vijusi.

Kuna faida moja ya ChAdOx1 ambayo watu wa biashara wanapaswa kuipigania. Kwa kuwa haina protini ya N (protini ya ndani ya virusi), mnyama aliyechanjwa ana kingamwili dhidi ya Gn na Gc lakini hana dhidi ya N. Ukimpima kwa Elisa ya N (kipimo cha kingamwili dhidi ya N) ukapata chanya, huyo ameambukizwa kweli. Kwa Smithburn huwezi kutofautisha kamwe: aliyechanjwa na aliyeugua wanatoa jibu moja. Saudi Arabia ilifunga soko kwa mifugo ya Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1990, na tena mwaka 2000 ugonjwa ulipozuka Saudi Arabia yenyewe na Yemen. Baada ya hapo, kila muuzaji wa bandari za huko anajua thamani ya kipimo kinachoweza kutenganisha hao wawili. Wengine wanakataa kuchanja kabisa wakiogopa mnyama akutwe na kingamwili bandarini.

---

mchanjaji_wa_boma:

Hesabu ya chupa 30 ina makosa mawili yanayovutana, mkuu.

La kwanza: hutachanja 3,000. Toa wenye mimba. Toa wanakondoo na vitoto vya mbuzi vya chini ya miezi 6 ambavyo mama zao wana kinga, maana kingamwili za mama zitaua chanjo kabla haijafanya kazi. Tuseme asilimia 40 wana mimba na 15 ni wachanga. Unabaki na 1,350. Hizo ni chupa 14.

La pili: chupa ikichanganywa hailali. Lengo langu ni kuimaliza ndani ya saa 2, ikiwa kwenye barafu muda wote. Katika kila kijiji chupa ya mwisho itabaki nusu na itamwagwa. Vijiji vinne, weka chupa 4 za ziada. Agiza 18, ukiwa na orodha ya idadi ya kila boma mkononi kabla ya kuagiza.

Sasa makosa ninayoyaona yakirudiwa:

Sirinji kusafishwa kwa spiriti au Jik asubuhi ya kazi. Mabaki yake yanaua chanjo hai ndani ya pipa la sirinji, na wewe unadunga maji. Chemsha dakika 20, acha zikauke, basi. Jik ni ya mikono, meza na taka.

Maji ya kuchanganyia kuachwa juani huku chanjo iko kwenye barafu. Yote mawili yawe na ubaridi ule ule, nyuzi 2 hadi 8. Ingiza mililita 5 kwanza, zungusha chupa polepole hadi kidonge kiyeyuke, usitikise mpaka povu, kisha rudisha kwenye chupa kubwa ya maji. Dozi ni mililita 1 chini ya ngozi, nyuma ya kiwiko au ubavuni mwa shingo. Hata hivyo soma karatasi ya toleo ulilopewa kabla ya kufungua.

Kugandisha. Chanjo hai iliyokaushwa haidhuriki kwa kuganda, lakini maji yake yakiganda chupa inapasuka. Chanjo mfu ikiganda hata mara moja imekwisha, kiongeza kinga kinajikusanya chembechembe na hakirudi. Ukiitikisa na ikaanza kutuama upesi huku juu pakibaki maji maangavu, itupe.

Kuchagua majike. Usimwamini mtu anayepapasa tumbo. Mimba ya wiki sita hushiki kitu, na hiyo ndiyo yenye hatari kubwa ya ulemavu. Kanuni rahisi: kama beberu au dume la kondoo linatembea na kundi, kila jike mzima hesabu kuwa ana mimba, isipokuwa yule aliyezaa ndani ya wiki nne zilizopita na mtoto yuko miguuni. Hao wa kunyonyesha, madume, mahasi na majike wachanga ambao hawajapandwa ndio wa chanjo hai. Mwenye boma ukikaa naye vizuri anakumbuka kila jike alizaa lini, kuliko daftari lolote.

Weka alama ya rangi kwa kila aliyedungwa na andika namba ya toleo la chanjo. Miezi miwili baadaye mtu akipima damu na kukuta IgM (kingamwili za mwanzo, ambazo pia hutokana na chanjo), bila daftari hilo utatangaziwa mlipuko ambao haupo.

Na wachanjaji: glavu, miwani, hakuna mwanamke mjamzito kwenye timu. Hii ni chanjo ya kondoo, haijapimwa kwa mtu.

---

mifugo_tana:

Asanteni sana. Hesabu ya 18 nimeielewa. Lakini hapo mnaniacha na jambo zito: nikichanja 1,350 kati ya 3,000 hiyo ni asilimia 45 tu. Inasaidia kitu? Na hao 1,200 wenye mimba ndio mfugaji anaowaonea uchungu zaidi, maana ugonjwa ukija ndio watakaotupa wote.

---

DktNyika:

Umeligusa. Ndiyo udhaifu wa chanjo hai ya zamani: inamwacha nje mnyama anayehitaji kinga kuliko wote.

Asilimia 45 haitazuia mlipuko ikiwa mbu ni wengi. Itapunguza idadi ya wanyama wanaowalisha mbu virusi, na hilo si dogo, lakini usimwahidi mfugaji kwamba kijiji kimekingwa. Una njia mbili. Moja ni kuchanja mara mbili kwa mwaka: duru ya kwanza sasa, ya pili waliozaa wakiwa na wachanga, kabla beberu hajarudishwa. Hii inafanya kazi tu pale ambapo wafugaji wanafunga beberu ngozi tumboni asiweze kupanda, ili uzazi uje kwa msimu. Kwa mimba ya miezi mitano, beberu akifunguliwa wakati mmoja, majike watazaa karibu pamoja na unapata dirisha safi la wiki kadhaa.

Nyingine ni chanjo mfu kwa wenye mimba, dozi 2,400 kwa wanyama 1,200, kwa sababu ya marudio. Huagizwa kutoka Afrika Kusini na si kitu cha kupata kwa wiki mbili. Kama maombi hayakuingia mapema mwaka huu, hesabu wenye mimba hawana chanjo. Wakinge kwa dawa ya mgongoni na kwa kuwapeleka juu kabla maji hayajafunga njia.

---

soko_na_chanjo:

Niongeze jambo ambalo wanasayansi hulisahau. Chanjo nzuri haitoshi kama hakuna wa kuinunua katika miaka ya ukame.

Mapigo makubwa ya Afrika Mashariki huja yakipishana miaka: 1997-98, kisha 2006-07. Hilo la pili pekee, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, Kenya ilirekodi wagonjwa 684 na vifo 155, Tanzania 264 na vifo 109, Somalia 114 na vifo 51. Katikati ya mapigo, mfugaji haoni mnyama hata mmoja akifa kwa ugonjwa huu. Hatoi pesa. Mtengenezaji naye hatengenezi, kwa sababu kila toleo lina tarehe ya mwisho na litakwisha likiwa kwenye rafu. Kisha El Niño inatabiriwa, kila mtu anapiga simu kwa wiki moja, na kiwanda kinahitaji miezi.

Mwaka 2006 tahadhari ya satelaiti kutoka kwa timu ya Assaf Anyamba wa NASA ilitoka wiki mbili hadi sita kabla ya ugonjwa kuonekana. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini wiki sita hazitoshi kutengeneza, kusafirisha, kuchanja na kusubiri kinga.

Kwa hiyo naunga mkono wale wanaounganisha chanjo mbili kwenye kirusi kimoja. Jeni za Gn na Gc zimewekwa ndani ya virusi dhaifu vya ndui ya kondoo na mbuzi, au vya ugonjwa wa mapele ngozi wa ng'ombe. Ndui mfugaji anaiona kila mwaka na analipia kila mwaka. Akichanja ndui, Bonde la Ufa linakuja ndani yake bila bei ya pili. Majaribio yamefanyika kwa miaka mingi sasa na matokeo ni ya kutia moyo. Kilichokwama ni usajili na mtu wa kulipia uzalishaji.

---

maabara_baridi:

Nakubaliana isipokuwa kwa hatua moja. Kirusi cha ndui ni hai, na mnyama mwenye kinga ya ndui tayari anaweza kukizima kabla hakijatengeneza Gn na Gc za kutosha. Mahali ambapo ndui inachanjwa kila mwaka, wazee wa kundi watapata kinga hafifu ya Bonde la Ufa. Itafaa zaidi kwa wadogo wanaochanjwa mara ya kwanza. Hilo lipangwe tangu mwanzo, lisije likagunduliwa uwanjani.

---

muuguzi_wa_delta:

Kuhusu binadamu, kwa faida ya wachinjaji.

Hakuna chanjo iliyosajiliwa kwa umma. Ilikuwepo chanjo mfu ya jeshi la Marekani, TSI-GSD-200, kwa watafiti na wanajeshi: dozi tatu, siku ya 0, ya 7 na ya 28, halafu nyongeza, na kinga ilihesabiwa kuwa imepatikana pale seramu iliyopunguzwa mara 40 inapozuia asilimia 80 ya virusi. Wenye kuitengeneza hawakuwahi kuipanua kwa umma. ChAdOx1 RVF ndiyo iliyotangulia sasa: majaribio ya kwanza yalifanyika Uingereza kwa watu 15, kwa ngazi tatu za dozi, yakachapishwa 2023, kisha yakaendelea Entebbe. Majaribio hayo yalikuwa ya usalama na kingamwili. Kujua kama inakinga kweli ni kazi ngumu, kwa sababu huwezi kujua mlipuko utatokea wapi ili uwe na watu waliochanjwa hapo kabla.

Mpaka hapo, kinga ya mchinjaji ni mikono yake. Wagonjwa wengi huku huambukizwa na damu, kijusi kilichotupwa na maziwa mabichi kuliko kwa kuumwa na mbu. Wengi huumwa homa na viungo siku chache na kupona. Wachache, chini ya mmoja kwa mia, hutokwa damu, na kati ya hao karibu nusu hufa. Wengine hupata ubongo kuvimba, au kupoteza uwezo wa kuona wiki moja hadi tatu baada ya homa. Utafiti wa Port Sudan uliochapishwa 2016 ulihusisha maambukizi na mimba kuharibika kwa wanawake, kwa hiyo mjamzito asiguse mnyama anayetupa.

Jik ya asilimia 3.5: kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, unapata asilimia 0.5 ya kumwaga penye damu. Ichanganywe siku hiyo hiyo. Mwaga, acha dakika kumi, ndipo ufute. Virusi hivi vina ganda la mafuta na havipendi tindikali. Nyama iliyotundikwa hadi ikapata uchachu wake wa kawaida huwa imepungukiwa hatari. Hatari iko wakati wa kuchinja na kuchuna.

---

mifugo_tana:

Swali la mwisho. Wakianza kutupa, nichukue nini na niweke kwenye nini? Maabara iko mbali, safari ya siku mbili.

---

maabara_baridi:

Mnyama aliye hai mwenye homa: damu mililita 5 kwenye chupa ya kofia ya zambarau yenye EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda) kwa ajili ya PCR (kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe), na mililita 5 kwenye kofia nyekundu kwa seramu. Wachukue angalau watano walio wagonjwa leo. Wa wiki iliyopita damu yao haina virusi tena, watakupa IgM tu.

Kijusi au mwanakondoo aliyekufa: vipande vya ini na bandama vya ukubwa wa kidole gumba, kila kiungo chombo chake. Usipasue mzoga mzima porini bila barakoa na kinga ya uso. Ini linatosha, na kwa mchanga utaliona limevimba, rangi ya manjano na kahawia, laini kama limepikwa. Usiweke kwenye formalini kile kinachoenda PCR. Kama unataka na cha hadubini, kata kingine pembeni.

Vyombo: chupa yenye kofia ya kuzungusha, ndani ya mfuko au kopo lisilovuja lenye pamba ya kutosha kunywa kilichomo chote, ndani ya kasha gumu. Futa nje ya kila tabaka kwa Jik kabla ya kufunga tabaka linalofuata. Kwa siku mbili, nyuzi 4 zinatosha, virusi hivi vinavumilia baridi vizuri sana kwenye seramu. Damu ya EDTA isigandishwe. Barafu ibadilishwe katikati ya safari, na fomu ikae nje ya mfuko wa sampuli: umri, mimba ya miezi mingapi, tarehe ya homa, na kama mnyama alichanjwa, namba ya toleo.

Piga simu maabara kabla gari halijaondoka, ili mtu awe anasubiri hata kama ni Jumamosi.